Ukuta Uliokuwa Laini Mno

Mafundi wote wa lipu walimwita binti yule Mpwa, kwa kuwa alipoingia kazini mara ya kwanza aliongozana na mjomba wake, na mjomba huyo alikuwa mtu wa kujulikana. Mjomba mwenyewe walimwita Kioo. Kuta zake zilikuwa laini kiasi kwamba wenzake, waliopenda kutia chumvi, walidai wamewahi kunyoa ndevu mbele ya ukuta wake mmoja na hawakujikata.

Kioo alikuwa mdogo wa mama yake Mpwa. Shemeji yake, baba yake Mpwa, alipofariki, alihama alikokuwa amepanga, akaja na godoro lake na ndoo ya vifaa, akakaa chumba cha uani kwa dada yake. Hakueleza kwa nini amekuja wala hakuulizwa. Binti alipomaliza shule na nafasi ya kuendelea ikakosekana, Kioo hakumpa pole. Alimpa mwiko wa lipu.

"Usishike kama unakoroga uji," alimwambia siku ya kwanza. "Kifundo kilegee, bega lifanye kazi."

Kwa miaka kadhaa Mpwa alijifunza kurusha mchanganyiko ukutani ukashika bila kudondoka, kuuburuzia rula ndefu mpaka ukanyooka, kuunyunyizia maji, na kuulainisha kwa ubao kwa mizunguko midogo midogo kabla haujakauka. Kazi ya lipu haina subira. Ukianza kipande lazima ukimalize kingali kibichi, kwa maana ukiacha katikati ukarudi baadaye, mahali kipya kinapokutana na cha zamani panabaki mstari, na mstari huo hautoki tena. Kioo aliuita kovu. Siku moja alimfanya mpwa wake abandue ukuta mzima wa sebule kwa sababu ya kovu ambalo mwenye nyumba hakuliona hata baada ya kuonyeshwa.

"Mbona mwenyewe ameridhika?" Mpwa alilalamika.

"Yeye ataishi humo. Mimi nitapita nje kila siku nikijua limo."

Hivyo ndivyo alivyolelewa. Na mtu akitaka kuelewa kwa nini baadaye alifanya alilolifanya, na kwa nini lilikuwa gumu, ni vizuri akumbuke kwamba alijifunza kupenda ukuta mzuri kabla hajajifunza kitu kingine chochote cha maana.

Kilichombadilishia njia kilikuwa tone la chokaa. Walikuwa wakipaka dari, na fundi mmoja mnene wa kundi lao, mcheshi asiyenyamaza hata akiwa na misumari mdomoni, alirukiwa na chokaa mbichi jichoni. Wenzake walimzunguka kwa vurugu. Mmoja alitaka kumpuliza, mwingine alitafuta kitambaa cha kumsugulia. Mpwa aliwasukuma kando. Alimlaza, akalifumbua jicho kwa vidole viwili, akamwagia maji safi ya kunywa, taratibu, bila kukatisha, naye fundi mnene akipiga kelele na kuwatukana wazazi wa kila mtu, mpaka dumu likaisha na likaletwa jingine. Hospitalini waliambiwa kwamba jicho limeokolewa na maji hayo.

"Ulijuaje?" aliulizwa na afisa usalama wa kampuni waliyokuwa wakiifanyia kazi, mama mrefu mwenye miwani.

"Imeandikwa kwenye mfuko wa chokaa," Mpwa alijibu. "Kule chini, kwenye maandishi madogo."

Mama yule alivua miwani yake. "Binti, watu husomea kazi hii."

"Kusomea kumwagia mtu maji machoni?"

"Kusomea kufanya asihitaji kumwagiwa."

Maneno hayo yalimkaa. Haukupita muda mrefu alijiandikisha chuoni kwa masomo ya jioni, akawa anafika darasani na vumbi la saruji kwenye nyusi. Kioo alipopata habari alishika tama mezani kana kwamba ameletewa msiba.

"Yaani unaacha mwiko ukashike filimbi?"

"Si filimbi, mjomba."

"Mimi nawajua watu wa usalama. Mtu anakuja saiti na viatu vinavyong'aa kukwambia usianguke. Kana kwamba ulikuwa umeshapanga kuanguka, ukamsubiri yeye akukataze!"

Mpwa alicheka, kwa sababu alikuwa amewaona wa namna hiyo. Mama yake hakucheka. Alikuwa akipiga pasi, naye alizungumza bila kuinua kichwa.

"Mwache asome. Wewe uliposema unataka ufundi, nani alikuzuia?"

"Baba alinizuia."

"Ukamsikiliza?"

Kioo akavuta sahani yake karibu, akala.

Mpwa alimaliza masomo, na baada ya kupiga hodi kwenye ofisi nyingi alipata kazi katika kampuni iliyokuwa ikijenga hosteli ya wanafunzi ya ghorofa nne. Alipewa miezi ya majaribio, kizibao chenye mistari ya kung'aa, na meza moja katika kontena lililogeuzwa ofisi. Mhandisi wa saiti, mtu wa maneno machache aliyezoea kutembea huku akiangalia juu, alimpokea kwa maelezo mafupi.

"Unayo mamlaka ya kusimamisha kazi. Lakini siku utakayoyatumia, uwe na sababu ambayo na mimi ninaweza kuisimamia mbele ya mwenye jengo."

Mpwa hakuanza na amri, alianza na misumari. Alizunguka uwanja mzima na nyundo, akigonga kila msumari uliosimama kwenye mbao zilizobanduliwa, na alipochoka alikaa juu ya tofali, akapumzika, akaendelea. Kisha alizinyanyua nyaya za umeme zilizokuwa zimelala kwenye madimbwi, akazitundika kwenye nguzo. Mashimo yaliyoachwa kwenye sakafu za juu kwa ajili ya mabomba aliyafunika kwa mbao nene zilizopigiliwa, akaandika juu yake kwa rangi nyekundu neno SHIMO, kwa kuwa alijua kwamba mtu akiuona ubao uliolala hujiokotea akautumie. Ncha za nondo zilizochomoza juu aliziwekea vifuniko. Mafundi walimtazama, mwanzoni kwa kicheko, baadaye kwa mazoea.

"Mama Kofia," alimwita mmoja wa wamwaga zege, kwa sababu ya kofia ngumu aliyowahimiza kuvaa, "nikitaka kukohoa niombe kibali?"

"Kohoa tu, kaka. Ila kama uko juu ya ngazi, shika kwanza."

Taratibu wakaanza kumletea mambo. Huyu alimwambia kamba ya winchi imelika, yule akamnong'oneza kwamba mashine ya kukatia vigae imeondolewa kinga yake. Hakumkaripia aliyeleta habari wala hakumtaja. Alikwenda, akaangalia, akarekebisha. Wale waliowahi kufanya kazi chini ya watu wa kupiga kelele waliona tofauti, hata kama hawakuisema.

Majukwaa ya chuma yaliyozunguka jengo alikuwa na utaratibu nayo. Kila ngazi ilikuwa na kibao kilichotundikwa chini yake: kikiwa cha kijani, watu wapande, kikiwa chekundu, asiguse mtu. Aliyeyajenga alikuwa fundi mfupi mwenye shingo nene, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau, ambaye alimruhusu Mpwa kukagua kazi yake kwa sharti kwamba asimfundishe mbele za watu.

Ndipo ilipofika zamu ya lipu ya nje, na kampuni ikaleta kundi la Kioo.

Mjomba alimkuta mlangoni pa kontena, akasimama wima kama askari. "Afisa, shikamoo."

Saiti nzima iliangua kicheko. Mpwa alijifunika uso kwa mikono. "Mjomba, usinitie aibu bure! Shikamoo."

"Marahaba. Haya, niambie nisianguke."

"Usianguke."

"Nimesikia," alisema Kioo, akaenda kufungua ndoo yake.

Ukuta wa mashariki ndio uliokuwa mkubwa kuliko zote, na ndio uliotazama barabara. Mbele yake lilisimama jukwaa kutoka chini hadi ukingo wa paa. Jukwaa refu namna hiyo halisimami kwa miguu yake peke yake. Hushikizwa kwenye jengo kwa vipande vya bomba vinavyopenya ukutani, vilivyopangwa safu kwa safu, na mafundi wanaviita mikono. Mikono ikiwepo, jukwaa na jengo ni kitu kimoja. Isipokuwepo, ni chuma kilichoegemea hewa.

Tatizo ni kwamba fundi wa lipu hawezi kuipenda mikono. Kila mmoja humwachia tundu la ukubwa wa ngumi katikati ya kazi yake. Tundu hilo huzibwa mwishoni, jukwaa linapobomolewa, na hata likizibwa na fundi bora, kiraka hukauka kwa rangi yake na kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo mafundi wa lipu wana mtindo wao. Huanza juu na kushuka, na kila wanapoufikia mkono huulegeza kwa spana, wakauchomoa, wakapitisha lipu mahali pake. Wakifika chini, ukuta ni shuka moja lililonyooshwa. Hakuna aliyeona hilo kuwa kosa. Walifundishwa na waliowatangulia kama jambo la adabu kwa ukuta, na Mpwa mwenyewe, enzi za mwiko, alikuwa akimpokelea mjomba wake mikono hiyo na kuiteremsha.

Mwanzo wa juma alikuwa amelikagua jukwaa la mashariki, na mikono yote ilikuwepo. Katikati ya juma jua liliwaka sana, wakatundika turubai upande wa nje ili lipu isikauke haraka ikapasuka. Asubuhi iliyofuata mhandisi alipita na Mpwa chini ya ukuta, akafunua ncha ya turubai, wakachungulia.

"Mjomba wako si mtu wa kawaida," alisema mhandisi, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba. Kisha akaondoka kwenda kwenye kikao mjini.

Mpwa alibaki. Aliinua uso katikati ya jukwaa na jengo, akautazama ukuta kwa moyo wa fundi. Ulikuwa umeshuka kutoka ukingo wa paa hadi ghorofa ya tatu bila doa, bila wimbi, bila mstari. Jicho liliteleza juu yake lisipate pa kutua. Kifua kilimjaa fahari. Alijikuta akisema kwa sauti ndogo, "Mjomba, wewe!"

Shingo ilimuuma, akaishusha. Alipoiinua tena, fahari ilikuwa imemtoka na baridi imeingia mahali pake. Ukuta ulikuwa laini mno. Palipopaswa kuwa na bomba linalopenya, palikuwa na lipu. Alitafuta safu ya juu, akatafuta iliyofuata, akatafuta ya chini yake, na kote aliona uzuri mtupu. Nusu nzima ya juu ya jukwaa lile haikuwa imeshikwa na kitu.

Wakati huohuo upepo mdogo ulipita barabarani, ule unaotosha tu kupeperusha karatasi. Turubai likavimba. Juu kabisa, karibu na paa, uwazi kati ya chuma na ukuta ulipanuka kidogo, upana wa kidole au zaidi, kisha ukajirudi taratibu. Juu ya jukwaa hilo walikuwa wanaume sita pamoja na ndoo zao, na mmoja wao alikuwa Kioo.

Mpwa alikiondoa kibao cha kijani, akatundika chekundu. Hakupuliza filimbi wala hakupiga ukelele, kwa sababu watu wakishtuka hukimbilia ngazi kwa pamoja, na uzito wote ukihamia upande mmoja wa jukwaa lililolegea, basi. Alijikaza, akaita kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetangaza chai.

"Mafundi, za kazi! Naomba kila mtu aweke chombo chini. Msishuke kwa ngazi. Ingieni ndani ya jengo kwa dirisha lililo karibu yenu, mmoja mmoja, wa juu waanze."

"Kuna nini, kunaungua?" mmoja aliuliza kutoka juu.

"Hakuungui. Ingieni kwanza, tutaulizana ndani."

Wote walimgeukia Kioo. Kioo alikuwa na ubao wa kulainishia mkononi na kipande kibichi mbele yake. "Endeleeni," alisema. "Lipu haingoji mikutano."

Mpwa hakurudia maneno yake. Alijua kwamba akibishana na kiongozi wao mbele yao, watabaki naye kwa heshima tu. Aliyesogea kwanza alikuwa fundi mnene.

"Mimi samahani, bosi," alisema, akiiweka ndoo yake polepole. "Jicho hili ninalokuangalia nalo ni la huyu dada. Akisema niingie, naingia. Hata akisema niingie kwenye tangi la maji." Akajipenyeza dirishani kwa shida, akisukuma tumbo kama anayehamisha kabati, na kicheko kilichozuka kiliwalegeza wengine. Mmoja alimfuata, kisha mwingine, mpaka jukwaa likabaki na mtu mmoja.

Mpwa alipanda ngazi za ndani mbiombio hadi ghorofa ya tatu, akaingia katika chumba kisicho na milango, akasimama kwenye dirisha lililokuwa karibu na mjomba wake. Hakutoka nje. Kioo alikuwa amempa kisogo, akizungusha ubao.

"Mjomba."

"Afisa."

"Mikono ya jukwaa iko wapi?"

"Iko chini, kando ya ngazi. Nimeipanga vizuri, haujapotea hata mmoja."

"Jukwaa linaachana na ukuta. Nimeliona kwa macho yangu."

"Jukwaa hucheza. Wewe umekulia juu ya majukwaa yanayocheza. Ulikufa?"

"Sikufa."

"Sasa je."

Ubao uliendelea na mizunguko yake. Mpwa aliutazama mkono ule unaokwenda bila kusitasita, mkono uliomfundisha, na akajua kwamba hata yeye, kama angekuwa ameushika ubao huo saa hiyo, angetamani kumaliza.

"Nikiacha sasa litabaki kovu," alisema Kioo, na sasa sauti yake haikuwa na utani. "Wangeniambia hao wa ofisini ningewasamehe, hawajui. Wewe unajua. Ukuta wote huu, halafu kovu katikati ya tumbo, kila apitaye barabarani alione. Niache nifike dirisha lile pale."

"Ukifika hapo utaniambia nikuache ufike kona."

Kioo alikinyunyizia maji kipande chake, akaendelea.

Turubai lilivimba tena. Mpwa alisikia chuma kikiguna mahali fulani chini yao. Alikuwa na maneno ya darasani, juu ya uzito na upepo na sheria, yote ya kweli, na aliyaona hayatafika. Aliegemea kizingiti cha dirisha.

"Mjomba, mtu akianguka hapa, anayepiga simu nyumbani kwao ni mimi. Ndiyo kazi niliyosomea. Hakuna mwingine wa kuipiga."

Ubao ukapunguza mwendo.

"Kwa hiyo nisaidie. Nikimpigia dada yako, nimwambie nini? Nipe maneno yenyewe, nami nitayasema kama ulivyoyatoa. Nimwambie alikuwa amebakiza kidogo afike dirishani?"

Ubao ukasimama.

"Mdomo huo umeutoa wapi?" Kioo aliuliza.

"Ujombani."

Akauweka ubao chini. Aliifuta mikono kwenye suruali, akautazama mpaka wa lipu mbichi kama mtu anayeaga, akainua mguu kuingia dirishani. Mpwa alimnyooshea mkono, akaukataa. Goti likakwama kwenye kizingiti, akaushika.

Jukwaa halikuanguka.

Lingekuwa jambo rahisi kwa Mpwa kama lingeanguka, bila mtu juu yake wala chini yake, kwa kishindo cha kusikika mtaa mzima. Lakini alasiri upepo ulitulia. Turubai lilifunguliwa kamba kupitia madirishani na kukunjwa, na chuma kikabaki kimesimama kwenye jua, kimenyooka, kana kwamba kimesingiziwa. Kipande kibichi kilikauka kilipoachwa. Kesho yake, baada ya jukwaa kushikizwa tena kwenye jengo, lipu mpya ilipounganishwa, kovu lilikuwepo, jembamba, likipita katikati ya ukuta kutoka dirisha hadi dirisha.

"Mama Kofia," walimwita wamwaga zege wakati wa chai, "sisi bado tumekaa tunalisubiri. Lianguke saa ngapi?"

Mhandisi alikuwa amerudi jioni ya siku ileile, akamkuta chini ya ukuta.

"Halikuanguka," alisema.

"Halikuanguka, mhandisi."

"Watu wanasema umekimbia kivuli."

"Wanasema wakiwa wazima."

Mhandisi aliinama kwenye rundo la mikono lililokuwa kando ya ngazi, akaokota bomba moja, akalipima uzito mkononi, akaangalia juu mahali lilipotakiwa kuwa. "Hii ninaweza kuisimamia," alisema, akalirudisha chini taratibu.

Mpwa hakuridhika na ushindi huo. Alijua kwamba kibao chekundu kimezuia siku moja tu, na kwamba kwenye ukuta ujao spana zitatoka tena, kwa sababu mafundi wale hawakuwa wajinga wala wakaidi. Walikuwa watu wanaopenda kazi yao, na mkono uliopenya ukutani ulikuwa adui wa kazi hiyo. Kwa hiyo alimfuata fundi wa majukwaa, faraghani, kama walivyopatana.

"Kaka, jukwaa likishikwa kupitia madirisha badala ya ukutani, litakaa?"

"Kupitia madirishani vipi?"

"Bomba refu lilale ndani ya chumba, likingame nyuma ya dirisha, lenye urefu unaozidi upana wa dirisha. Bomba jingine litoke hapo lipite uwazi wa dirisha, lilishike jukwaa. Ukuta usiguswe."

Fundi alikuna shingo yake nene. "Hiyo ipo. Nimewahi kuifanya. Ina kazi nyingi."

"Kazi nyingi kiasi gani?"

"Ya kunifanya nikulaumu," alisema, na alikuwa tayari ameanza kuhesabu madirisha kwa macho. Walipima pamoja, wakakubaliana na mhandisi idadi inayotosha, na kabla ukuta wa magharibi haujaguswa Mpwa aliwaita mafundi wa lipu waje waseme wenyewe mkono gani unawakera na upite wapi. Ulikuwa utaratibu mpya, fundi wa lipu kuulizwa kabla jukwaa halijafungwa. Kioo hakuja. Alimtuma fundi mnene, ambaye alikataa mikono miwili, akakubali iliyobaki, akaomba na chai.

Nyumbani hali ilikuwa nzito. Kioo alikula mapema na kurudi chumbani kwake; Mpwa akiingia jikoni, yeye alikumbuka jambo la uani. Mama yake Mpwa alivumilia kwa siku kadhaa, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Mmoja ananuna mbele, mwingine ananuna nyuma, na mimi nimekaa katikati kama mpaka wa shamba," alisema jioni moja, akiwa amemzibia mdogo wake mlango. "Kwani ukuta umekuwaje?"

"Una kovu, dada. Mtu akipita analiona."

"Na wewe unapita?"

"Kila siku."

"Basi pita," alisema mama. "Pita hivyohivyo, ukilitazama. Mimi nataka mtu wa kupita."

Akampisha mlangoni, Kioo akaingia ndani. Hakumsemesha mpwa wake jioni ile pia. Naye Mpwa hakumbembeleza. Alimwandalia sehemu yake ya chakula na kuifunika, kama siku zote, na alfajiri akaenda kazini, akaanza tena na misumari.

Ukuta wa magharibi ulikuwa umefika katikati siku mlango wa kontena uliposukumwa kwa nguvu. Kioo alisimama kizingitini, lipu mpaka kwenye viwiko, uso umekunjamana.

"Wewe unakaa humu unafanya nini?"

Mpwa aliinuka. "Kuna nini, mjomba?"

"Mkono wa dirisha la kona, ghorofa ya tatu. Nimeutikisa, unacheza kama jino bovu. Ndiyo kazi gani hiyo? Mtu anasoma miaka chungu nzima, anapewa meza, anapewa kizibao, halafu mikono inalegea!"

"Kuna watu juu?"

"Watu watoke wapi?" alifoka Kioo. "Nimewaingiza wote ndani. Tumeacha lipu mbichi pale, itatuachia kovu jingine, na la leo litakuwa lako."

"Litakuwa langu," alisema Mpwa.

Akachukua kofia yake, akampigia mluzi fundi wa majukwaa aje na spana, wakaelekea ukuta wa magharibi. Mjomba alitangulia, akitembea haraka, akiendelea kulalamika kwa sauti kuhusu watu wa ofisini, na kila alipokutana na fundi njiani alimwambia asiende huko mpaka Mpwa aseme.